Kanuni ya sigara isilale usiku wa tamasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu rasimu ya mpango wa bustani yetu ya umma, ambayo halmashauri imeitoa ili wananchi watoe maoni. Nimeisoma yote hadi viambatisho. Mengi yaliyomo nayaunga mkono: njia pana za kupitisha viti vya magurudumu, taa, vyoo vitakavyofunguliwa mpaka usiku, miti mipya upande wa viwanja vya michezo. Kinachonikosesha usingizi ni sentensi moja, nayo imewekwa mahali ambapo msomaji wa haraka hataiona. Sura ya uvutaji inapiga marufuku sigara katika bustani nzima, zikiwemo za kielektroniki. Ukifika sura ya matamasha ya majira ya joto, unakuta kwamba jioni za muziki marufuku hiyo itasimamishwa.

Fikiria maana yake. Asubuhi ya siku ya kazi, wazee wachache wakiwa wamekaa mbalimbali kwenye mabenchi, hewa yao inalindwa. Jioni ambayo bustani imejaa pomoni, watoto wamebebwa mabegani na wajawazito wamekaa juu ya mikeka, ulinzi unaondolewa.

Waliopendekeza hivyo wanasema moshi wa nje hupeperuka. Ni kweli, na sitaki kuipuuza hoja hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha vipimo vya moshi wa sigara katika maeneo ya wazi. Waliona kuwa mtu aliye umbali usiofika mita 1 kutoka kwa mvutaji, upande unakoelekea upepo, anaweza kuvuta chembechembe kwa kiwango kinachokaribia kile cha ndani ya jengo. Akisogea mita 2 hivi, kiwango hushuka sana. Sigara ikizimwa, hewa husafika haraka. Kwa hiyo nje kinachotulinda ni nafasi ya kusogea, na nafasi hiyo ndiyo isiyokuwepo kwenye tamasha. Mbele ya jukwaa watu wamebanana bega kwa bega. Ukihama kwa mvutaji huyu, unamwangukia mwingine. Tena sigara ya mmoja haijaisha, ya jirani yake imewashwa.

Mtoto wangu wa pili ana pumu. Kiangazi kilichopita tuliwahi mapema ili akae karibu na wapiga ngoma, maana ndio aliokuja kuwaona. Kabla jua halijazama alianza kukohoa, na kifua kikaanza kulia. Nikampa dawa yake ya kuvuta, nikambeba tukatoka. Aliusikiliza muziki uliobaki akiwa nje ya geti, amenishika mkono. Sikumlaumu aliyekuwa anavuta mbele yetu, kwa sababu hakuvunja kanuni yoyote. Mwaka huu kanuni itakuwepo, kisha ilazwe jioni ileile ambayo mwanangu anaihitaji?

Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilitamka wazi kwamba hakuna kiwango salama cha kuvuta moshi wa sigara ya mtu mwingine. Jiji la New York lilipiga marufuku uvutaji katika bustani na fukwe zake tangu Mei 2011, na matamasha ya bure katika Central Park yameendelea. Ufaransa nayo ilifuata njia hiyo kwa bustani zake katikati ya 2025. Hofu kwamba watu wataacha kuja naiona haina mashiko.

Hata hivyo sipendi wavutaji wafukuzwe kama wakosaji. Marehemu baba yangu alivuta maisha yake yote, na najua ilivyo vigumu kuacha. Watengewe mahali nje ya geti, pawe na mwanga na ndoo za majivu, na wapigwe muhuri mkononi ili warudi ndani bila kupanga foleni upya. Ndoo hizo ni muhimu. Kichungi cha sigara ni plastiki, aina ya selulosi asetati, na hukaa kwenye nyasi miaka mingi kikiachia nikotini. Asubuhi baada ya tamasha, watoto wanaotambaa ndio wa kwanza kuviokota vipisi hivyo.

Wapo wanaouliza: nani ataisimamia kanuni hiyo gizani, kati ya maelfu ya watu? Jibu liko kwenye kibali. Mwandaaji wa tamasha hutii masharti ya kibali chake, kwa sababu bila kibali hana onyesho. Julai 2012, katika Hyde Park ya London, Bruce Springsteen na Paul McCartney wakiwa pamoja jukwaani, sauti ilikatwa kwa kuwa muda ulioruhusiwa ulikuwa umepita. Kama saa ya kufunga iliweza kuheshimiwa mbele ya nyota wa kiwango hicho, basi marufuku ya sigara inaweza kuandikwa kwenye kibali, ikatangazwa jukwaani kabla ya kila wimbo wa kwanza, na walinzi wa mwandaaji wakaisimamia.

Kibali hichohicho kibebe na mambo mawili ambayo rasimu imeyapita juujuu. La kwanza ni sauti: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100, nasi hatujaambiwa hata nani atapima. La pili ni miti. Jukwaa limechorwa chini ya miti mikubwa kabisa ya bustani, eti kwa ajili ya kivuli. Sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi, nayo husambaa kupita mwisho wa matawi. Malori ya vyuma na jenereta yakikanyaga udongo uliolowa, nafasi za hewa zinabanwa na mizizi inakosa pumzi. Mti haufi wiki ile. Huanza kukauka ncha za matawi miaka kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayeyakumbuka malori. Jukwaa lihamishiwe kwenye sakafu ngumu iliyo karibu na maegesho, na mwandaaji aweke dhamana itakayorudishwa baada ya uwanja kukaguliwa.

Naomba halmashauri iifute sentensi ile kabla ya kupiga kura. Na wasomaji wenzangu walio na watoto wenye pumu, au wazazi wenye vifua dhaifu, tuandike maoni yetu kabla dirisha halijafungwa. Mimi yangu nimeshayapeleka, na msimu ukianza niko tayari kusimama getini kila jioni ya muziki kuwaelekeza watu mahali pa kuvutia sigara.

Mzazi, jirani wa bustani