Risala ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Wichita kwa Mgeni Rasmi: safari yetu ya Nicodemus

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, wachungaji na masheikh mliopo,
Ndugu wanakikundi,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi tunaoishi hapa Wichita, Kansas, wengi tumetoka Kongo, wengine Burundi na Tanzania, na watoto wetu kadhaa wamezaliwa kwenye kambi za wakimbizi Kigoma, Tanzania. Kikundi kilianza kwa kufaana kwenye misiba na harusi. Hayo unayajua. Leo tunaomba tukueleze habari ya kijiji kimoja tu.

Mheshimiwa, Julai iliyopita tulikwenda Nicodemus. Ni mwendo wa zaidi ya saa tatu: unakwenda Salina, unashika barabara ya magharibi hadi Hays, kisha unapanda kaskazini. Huko ni mbuga tupu, mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa, na upepo usiopumzika. Dereva wa gari la mbele alikipita kijiji bila kujua, ikabidi ageuze.

Waliokianzisha mwaka 1877 ni Wamarekani weusi kutoka Kentucky, wengi wao waliwahi kuwa watumwa. Walishuka treni Ellis, wakakata zaidi ya kilomita 50 kufika kwenye mto Solomon. Waliahidiwa mji, wakakuta nyasi. Miti ya kujengea ilikuwa haba, basi wakachimba makao ardhini na kuezeka kwa matawi na mabonge ya udongo. Mwaka uliofuata alifika mama mmoja, Willianna Hickman. Akauliza Nicodemus iko wapi. Mumewe akamwonesha moshi unaofuka kutoka ardhini. Mama yule akaanza kulia.

Tulisimuliwa hayo tukiwa kwenye ukumbi wa mawe wa kijiji. Mama mmoja wa kikundi chetu akaomba kiti. Akasema, "Mimi nililia hivyo hivyo kambini Nyarugusu, nilipopewa turubai na fito nikaambiwa hapa ndipo kwenu." Binti yake akatafsiri. Bibi mwenyeji wetu akanyamaza kidogo, kisha akauliza: hilo turubai lilivuja? Lilivuja, Mheshimiwa. Wakazungumza habari za mvua hadi chakula kikapoa.

Kijiji kile kilikua, kikawa na maduka, hoteli, hata magazeti. Mwaka 1887 wanakijiji walipiga kura kubeba deni la dola 16,000 ili waivute reli. Reli ikapita ng'ambo ya mto, na wafanyabiashara wakaifuata, wengine wakihama na majengo yao. Wenzetu waliokulia Kigoma, mwisho wa reli ya kati, hawakuhitaji maelezo zaidi.

Leo wakazi wake hawafiki hamsini. Lakini kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu hurudi kutoka majimbo ya mbali, wakala, wakasali, wakasomeana majina ya waliotangulia. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilikitangaza kuwa eneo la kihistoria la taifa. Mwaka huohuo ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Kijana wetu wa darasa la nane ndiye aliyeligundua hilo, akatutaka tuliandike humu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu ni usafiri. Tulikwenda kwa magari manne ya kuazimana, moja likapata pancha njiani, na watoto 19 walibaki nyumbani kwa kukosa nafasi. Bado wanatudai.

Tunaomba utusaidie kukodi basi moja kwa Julai ijayo. Pili, tunaomba kinasa sauti kizuri, maana wazee wetu wameanza kusimulia safari zao wenyewe na simu zetu zinajaa. Tatu, ukipata nafasi, panda basi hilo pamoja nasi. Bibi yule ameshatuuliza tutakuwa wangapi, anataka kujua kiasi cha kuku.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanakikundi,
Wichita, Kansas