Kukopi na kupesti si vitufe viwili tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofundisha kompyuta kwenye vyuo vya mitaani. Nina steshenari Kihonda, hapa Morogoro. Zamani nilikuwa mpiga chapa wa taipureta, kwa hiyo neno nakala nalijua tangu enzi za karatasi ya kaboni, lilipokuwa linachafua vidole.

Kijana niliyemwajiri alikuja na cheti. Ctrl na C ya kukopi, Ctrl na V ya kupesti, anazijua hata usingizini. Nikamweka kwenye kompyuta kuukuu ambayo fundi aliiwekea Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, baada ya Windows kuilemea. Alikuwa anaandaa kadi za mchango wa harusi, na pembeni amefungua barua ya mteja anayemdai mpangaji wake. Akaburuza kipanya juu ya mstari mmoja wa barua ile, basi. Kumbe kwenye Linux maneno ukiyawekea kivuli tu tayari yamekopiwa, na ukibonyeza gurudumu la kipanya yanajipesti. Kidole chake kikalemea gurudumu akiteremsha ukurasa. Kadi 60 zikatoka hivi: "Familia inaomba mchango wako wa hali na mali malimbikizo ya kodi ya miezi minne." Nilizichapa upya kwa hela yangu.

Akaja mwanafunzi na Mac, kompyuta ya Apple, aliyopewa na kaka yake. Kijana akabonyeza Ctrl na C, kimya. Akatangaza kibodi mbovu! Kule kitufe ni Command, kipo jirani na kile kirefu cha nafasi. Hakuwahi kuambiwa.

Hata Windows aliyofundishwa haijui yote. Vumbi lilipoua herufi C ya mashine yangu, nilifanya kazi wiki mbili kwa Ctrl na Insert kukopi, Shift na Insert kupesti. Akaniona mchawi.

Ila linaloniuma zaidi ni kitufe cha Windows pamoja na V. Historia ya kukopi ikiwa imewashwa, hapo vinatokea hadi vitu 25 vya mwisho. Siku moja nilibonyeza, nikakuta namba za vitambulisho vya NIDA za wateja wa asubuhi zimejipanga, tarakimu 20 kila moja, na chini yake nywila ya barua pepe ya mtu. Yeyote angekaa kwenye kiti kile angezisoma. Nimeizima kwenye mashine zote, na wenzangu wenye steshenari nawaomba wakaangalie zao leo.

Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza mtindo huu wa kukopi na kupesti Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox huko Marekani, katika miaka ya 1970 wakiwalenga wahariri wa vitabu, ndugu zako kwa kazi, watu wasio mafundi wa kompyuta. Haukuwa mtihani wa kukariri. Walimu, mkalisheni mwanafunzi kwenye mashine mbili tofauti kabla ya kumpa cheti, na mumwulize: ulichokikopi sasa hivi kimekaa wapi, na nani mwingine anaweza kukiona?

Mwenye steshenari,
Kihonda, Morogoro