Klipu ya sikioni na mshipa wa mkono

Mhariri,

Klipu ya umeme inayobanwa sikioni kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi inaandikwa kana kwamba mshipa ni bomba lililoziba na umeme unalizibua. Sivyo. Moyo ukidhoofika, neva za simpathetiki, zile zinazouweka mwili katika hali ya tahadhari, huchachamaa na kukaza mishipa, huku utando wa ndani ya mishipa ukitoa kidogo mno oksidi ya nitriki, ambayo kazi yake ni kuilegeza. Kinachojaribiwa ni kuiamsha neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi moyoni na ambayo huvuta upande wa pili kwa kutuliza, kupitia tawi lake linalofika kwenye ngozi ya sikio.

Kwa hiyo klipu haibanwi mahali popote tu. Hukaa kwenye kigegedu kinachochomoza mbele ya tundu la sikio. Ikishuka hadi nyama laini ya chini, hapo si njia ya vagasi. Ndipo watafiti wanapoibana kwa kundi la kulinganisha. Kipimo kilichotumika Oklahoma, Marekani, ni mapigo ya umeme 20 kwa sekunde, kila pigo maikrosekunde 200, kwa saa moja. Mkondo hupandishwa hadi umkere mgonjwa, kisha hushushwa miliampia 1. Elektrodi ikikauka, umeme hupenya kwa nukta chache na ngozi huwaka.

Pa kutilia shaka zaidi ni upimaji wa jinsi mshipa unavyotanuka. Mkanda wa presha hufungwa kigashani, hujazwa hadi angalau mmHg 50 kupita namba ya juu ya presha ya mgonjwa, huachwa dakika 5, kisha hulegezwa ghafla huku altrasaundi ikitazama ateri ya mkono ikitanuka. Ateri ya milimita 4.0 ikifika 4.2, hiyo ni asilimia 5. Mpimaji akikosea milimita 0.1, nusu ya matokeo imepotea, au imezuka bure. Sigara, kahawa au mlo wa karibuni navyo huvuruga.

Na mshipa kutanuka si sawa na mgonjwa kuishi zaidi. INOVATE-HF, jaribio la kifaa cha vagasi kinachopandikizwa mwilini, lilikuwa na wagonjwa 707. Matokeo ya 2016 hayakuonyesha kupungua kwa vifo wala kuzidiwa.

Mwenye betri ya moyo, au ambaye mapigo yake tayari ni ya polepole, asijaribu bila daktari wake. Na mashine za kutuliza maumivu ya misuli zisiwekwe mbele ya shingo eti vagasi inapita hapo: pana vihisi vya presha, na mapigo yanaweza kushuka ghafla.