Mashine imetoa volti, lakini seli hazijazipata

Lalamiko linaloifikia karakana yetu mara nyingi kuliko yote ni hili: mteja mwenye mashine ya kupiga seli kwa mapigo mafupi mno ya umeme amepanga kilovolti 5, skrini imesoma kilovolti 5, ila seli zimebaki vilevile. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Kasoro imo pale kebo inapokutana na kichupa cha sampuli.

Seli ikiwekwa katika uga wa umeme, chaji hujikusanya pande mbili za utando wake, wenye unene wa nanomita 5 hivi, na volti za utandoni zikikaribia 1 hutokea vitundu. Kwa njia hiyo, inayoitwa elektroporesheni, Eberhard Neumann na wenzake waliingiza jeni katika seli za panya mwaka 1982, wakitumia mapigo ya maikrosekunde. Mpigo wa nanosekunde 10, kwa upande wake, hupita kabla utando haujajaa chaji, kwa hiyo uga hupenya hadi kwenye viungo vilivyo ndani ya seli, jambo ambalo Schoenbach, Beebe na Buescher wa Norfolk, Virginia, walilichapisha mwaka 2001.

Kwa mpigo mfupi kiasi hicho, kebo haiwezi tena kuhesabiwa kuwa waya tu. Katika kebo ya koaksi, yaani waya wa kati uliozungukwa na ganda la metali, umeme hutumia takribani nanosekunde 5 kwa kila mita, maana yake katika kebo ya mita 2 kichwa cha mpigo hufika kwenye sampuli wakati mkia ndio kwanza unatoka mashineni. Sasa chukua kyuveti, yaani kichupa cha sampuli chenye bamba mbili za umeme, yenye mwanya wa milimita 1 kati ya bamba hizo, iliyojazwa maikrolita 100 za kimiminika cha kukuzia seli pamoja na chumvi zake zote: ukinzani wake ni kama omu 7, ilhali kebo ni ya omu 50, yaani uwiano wa volti na mkondo wa mpigo unaosafiri ndani yake. Kwa tofauti hiyo sampuli huambulia chini ya robo ya kilovolti 5 zilizotumwa, na sehemu kubwa ya mpigo hurudi nyuma ikiwa imegeuka ishara, kisha ikikuta mashine haijalinganishwa na kebo, yaani omu zao hazilingani, hugonga na kuja tena. Aliyekusudia mpigo mmoja amepiga kadhaa bila kujua.

Dawa tunayoipendelea ni kuunganisha kebo saba za omu 50 sambamba, ambazo kwa pamoja huwa na omu 7 hivi. Wengine hupunguza chumvi na kuweka sukari badala yake, ili ukinzani wa kimiminika upande. Hufanya kazi, ila si kila seli huvumilia. Mteja akisikia kwamba kilovolti 5 zitapitisha ampea 700 hivi kwenye tone lake huogopa kulipika, lakini kwa nanosekunde 10 joto haliongezeki hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi.

Ukitaka tukufanyie ulinganishaji huo, tuletee mashine, kebo zako na mililita 2 za kimiminika kilekile unachotumia. Mteja mmoja alituletea maji yaliyoondolewa chumvi, akidhani kwa majaribio yanatosha, nasi tukapoteza siku nzima kulinganisha kebo na sampuli isiyokuwapo. Utuandikie pia halijoto unayofanyia kazi, kwa sababu kimiminika hichohicho kikiwa kwenye barafu ukinzani wake hukaribia mara mbili ya ule wa nyuzi 25.