Kwa wanakikundi: protini ya H-NS, kikao cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi, Jumamosi naomba tuzungumzie protini moja tu, H-NS ya bakteria wa Salmonella, kwani sijaona nyingine inayoonyesha wazi hivi jinsi kushika DNA kunavyoamua jeni ipi isomwe na jeni ipi ngeni ibaki katika jenomu, yaani DNA yote ya bakteria. Protini hii fupi, yenye asidi amino 137, hung'ang'ania sehemu za DNA zenye herufi za kemikali A na T nyingi, ambazo tafiti za mwaka 2006 zilionyesha kuwa mara nyingi zimetoka kwa viumbe wengine, na huzizima zisimdhuru bakteria aliyezipokea. Bakteria akishaingia ndani ya seli ya mgonjwa, protini yake nyingine, SsrB, huibandua H-NS kwenye DNA na jeni za maradhi huwaka. Tafadhali njooni mmeisoma SsrB.