Wakandaji wa wazazi wapewe mafunzo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya mkando, kazi niliyoirithi kwa bibi yangu na ninayoifanya mpaka leo hapa Langoni, Lamu. Nawakanda wazazi, yaani wanawake waliojifungua, ndani ya arobaini yao, na nikipata wasaa nawakanda wakongwe walioshikwa na kiuno. Siku hizi nyumba nyingi zimeanza kuukata mkando. Mama mkwe ataka, mume asema ni gharama na mambo ya kizamani, vidonge vya maumivu vipo dukani. Mzazi huachwa hivyo hivyo, akakandwa siku tatu za mwanzo kisha basi.

Wanaume hawa siwalaumu sana, kwa kuwa hawamo chumbani wakaona yanayotokea. Mafuta ya uto nayapasha kwa kutia kibakuli ndani ya sufuria ya maji moto. Naanza na nyayo, napanda taratibu kwenye mapaja, kisha namgeuza. Mzazi mwanzo hujikaza, mabega yamepanda karibu ya masikio, maana usiku kucha ameinama akinyonyesha. Nikishapita pande mbili za uti wa mgongo, bila kuubonyeza mfupa wenyewe, pumzi yake huanza kurefuka na mapigo ya moyo hutulia. Hapo ndipo maneno hutoka. Binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, aliniambia uso ameulaza juu ya mto wa kulalia: "Bibi, mwanangu akilala mimi silali. Nalia, na sijui nalilia nini." Mamake alikuwa jikoni akikoroga uji wa pilipili manga, hana habari. Nilimaliza kumkanda, nikamwita mamake, tukazungumza watatu, na asubuhi yake wakaenda hospitali.

Ugonjwa ule haukutibiwa na mikono yangu, ulitibiwa na daktari. Lakini daktari angemjuaje, ikiwa binti mwenyewe hakuwa amemwambia mtu? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 katika kila 100 hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, na kubwa lao ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Hapa kwetu mwanamke kama huyo ataambiwa ana shetani, au hana shukrani kwa neema aliyopewa. Mkandaji humwona kila siku, mlango umefungwa, hakuna mume wala wifi. Sijui mtu mwingine mjini apataye nafasi kama hiyo.

Kwa upande wa mwili, tazameni mahamali wetu pale bandarini. Mji huu vichochoro vyake havipiti gari. Saruji ikishuka jahazini hubebwa na punda, mkokoteni au bega la mtu. Kaka yangu huwachua mahamali jioni, na ni hao hao wamwitao tena na tena, si kwa anasa. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani, katika chama chao cha American College of Physicians, walitoa mwongozo kuwa mtu aliyeshikwa na mgongo karibuni aanze na joto, kuchuliwa na njia nyingine kama hizo kabla ya kukimbilia dawa. Mkando hauponyi kila mgongo, na nafuu yake mara nyingi ni ya muda. Lakini kwa mtu anayebeba tena kesho, usiku mmoja wa kulala bila maumivu ni kitu kikubwa.

Hata vichanga hufaidika. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Tiffany Field na wenzake, walieleza habari za watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, waliopapaswa na kunyooshwa viungo kwa upole dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku kumi. Waliongeza uzito kwa siku asilimia 47 kuliko wenzao wasioguswa hivyo, na maziwa waliyokunywa yalikuwa sawa. Nasisitiza upole, kwa sababu wako wenzetu wanaomvuta mtoto mikono na miguu mpaka anazimia kwa kilio, na wanaomfinya kichwa ati kipate umbo. Hayo yakome.

Na si hayo tu yanayonitia hofu. Damu ya mwanamke aliyejifungua huganda upesi kuliko kawaida kwa wiki kadhaa. Akiwa na mguu mmoja uliovimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, mkono usiguse pale kabisa. Bonge la damu likibanduka hufika mapafuni, na mtu hufa. Huyo ni wa hospitali, saa hiyo hiyo. Aliyepasuliwa, tumbo liachwe mpaka kidonda kikauke na mwuguzi akubali. Mwenye homa asikandwe, wala aliyeanguka na kudhaniwa amevunjika. Haya bibi yangu hakuniambia. Nimefunzwa na mpwa wangu aliye mwuguzi, na wako wakandaji wazuri mno mitaani ambao hawana mpwa mwuguzi.

Kuna aibu nyingine ya kusemwa. Jina la masaji limechafuliwa, hasa huko Malindi kwenye fukwe za watalii, mpaka wazazi wa heshima hawataki binti zao wajifunze kazi hii. Wapo mabinti Malindi waliosomea na wanaofanya kazi safi, nao wanabeba lawama ya wengine. Wakandaji tuliobaki Lamu wengi ni watu wazima, na nyuma yetu sioni mtu.

Ninachoomba kwa Idara ya Afya ya Kaunti ni kidogo. Wakandaji wa Langoni, Mkomani, Shela, Matondoni na visiwa vya jirani tukusanywe, tufunzwe na wauguzi dalili za hatari, za mwili na za akili, na kila mmoja apewe namba ya simu ya mwuguzi wa kumpigia. Wasichana wawili watatu wa kila mtaa waingizwe pamoja nasi, wapewe na cheti. Baraza la nyumba yangu lipo wazi kwa mafunzo hayo, na chai na mahamri nitapika mimi.

Mkandaji wa Langoni,
Lamu