Iacheni hodi na baiti zake 148

Salum ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Kimya changu tangu Ramadhani ni kirefu, nisamehe. Ila Mwanaidi kanionyesha mchoro wa VPN yenu ya msimbo huria, nami siwezi kungoja tuonane: mnataka kuipachika ML-KEM-768, ile njia mpya ya kupeana siri isiyoogopa kompyuta ya kwantamu, ndani ya pakiti ya hodi yenyewe, ile ya kwanza ya kuomba kikao. Tafadhali, msifanye hivyo.

Hebu piga hesabu. Hodi ya WireGuard, itifaki ya VPN mliyoijengea, ni baiti 148, na "karibu" inayorudi ni 92. Ufunguo wa wazi wa ML-KEM-768 peke yake ni 1184. Jumla 1332, weka vichwa vya pakiti, 8 za UDP na 40 za IPv6, umefika 1380, na IPv6 inakuhakikishia njia ya pakiti za baiti 1280 tu. Njia ikiwa nyembamba, hodi itakatwa vipande, na ngome nyingi za mtandao (firewall) hutupa vipande bila kusema neno. Jibu lingepita, maana 92 na 1088 za jibu la ML-KEM pamoja na vichwa ni 1228, lakini nani aitikie hodi asiyoisikia? Mtu habishi hodi kajitwisha kitanda! Juma atasema tumieni ML-KEM-512, ufunguo wake 800. Utaenea, kweli, ila itifaki mtakuwa mmeshaivunja, na WireGuard ya mtu mwingine haitaelewana na yenu.

Nafasi ipo tayari: PSK, ufunguo wa siri ambao pande mbili huwa nao kabla ya hodi, baiti 32 zinazochanganywa katika kuzalisha funguo za kikao. Fungueni handaki la kawaida kwa X25519, njia ya kupeana ufunguo ambayo WireGuard huitumia siku zote. Humo ndani, kwa TCP, mteja atume ufunguo wa wazi wa ML-KEM, seva irudishe baiti 1088, pande zote zipate siri moja. Ipitisheni kwenye HKDF, kanuni ya kuzalisha ufunguo kutoka kwenye siri, kisha:

wg set wg0 peer UFUNGUO preshared-key /dev/shm/psk

Anayerekodi leo akingojea kompyuta ya kwantamu ataivunja X25519, ataukuta ufunguo wa wazi wa ML-KEM, na hapo atakwama.

Lakini PSK mpya haigusi kikao kinachoendelea. Inaanza kazi kwenye hodi inayofuata, na WireGuard hubisha upya kikao kikifikisha sekunde 120. Dakika mbili hizo data ya mtumiaji inalindwa na X25519 pekee, huku skrini ikimwambia yuko salama. Hili ndilo linaloniuma hasa, kwa kuwa wapo watakaoitegemea programu yenu kwa mambo mazito. Kwa hiyo mwondoeni mshirika (peer) mzima na kumwingiza upya pamoja na PSK (anwani yake na orodha yake ya IP huondoka naye, zirudisheni), na njia ya mtumiaji ibaki imefungwa mpaka "wg show wg0 latest-handshakes" ioneshe muda mpya.

Tena, ML-KEM haipigi kelele. Jibu la seva likiharibika hata biti moja, mteja atapata siri nyingine yenye sura nzuri kabisa. Thibitishaneni kwa HMAC, muhuri unaoonesha kuwa pande zote zina siri ileile, kabla ya kuweka PSK. Mkiruka hatua hiyo, tcpdump, programu ya kutazama pakiti, itaonesha 148, 92, baada ya sekunde 5 tena 148, 92: hodi inakubaliwa, karibu inakataliwa, kwa sababu PSK huingia kwenye ujumbe wa pili. Mtahangaika na ngome siku nzima na kosa haliko huko.

Na vile vifaa vidogo visivyo na betri ya saa... umeme ukikatika saa inarudi nyuma, na seva haipokei hodi yenye muda wa zamani kuliko ile ya mwisho. Mmelifikiria? Ufunguo wa siri wa ML-KEM mnaufuta kwenye kumbukumbu baada ya matumizi mamoja? Nani anaandika ile sehemu ya TCP, wewe au Juma? Utanitumia tawi la msimbo kabla hamjaliunganisha? Na mama, mguu wake unaendeleaje?

Nduguyo,
Abdalla